Biskuti za Shemasi Tolliver

Kaunti ya Hale, Alabama
3 Machi 1962

Dada Odessa,

Salamu. Natumaini wewe na shemeji Clyde mu wazima huko Detroit. Mimi ni mzima wa kusimama tu. Anwani yako nimepewa na Shangazi Ruthie baada ya ibada, akaniapisha nisimwambie Baba.

Baba alipata kiharusi mwezi wa kumi na moja. Upande wa kulia umekufa, mkono na mguu. Mdomo umepinda, ukali haukupinda. Chakula hataki. Uji wa mahindi anautema, supu anaigeuzia uso. Anataka biskuti tu, zile za chumvi za Mama, laini kama mkate, zenye tabaka za kufunua moja moja, azimwagie asali ya miwa. Nimejaribu mara nne. Zinatoka kama mawe. Jana aliishika moja kwa mkono wake mzima, akaigonga mezani mara mbili kama anayebisha hodi, akasema, "Hii apewe nguruwe." Amekonda mpaka pete ya ndoa inamvuka kidoleni.

Mama alikufundisha wewe. Mimi aliniacha nina miaka mitano. Niandikie zinavyopikwa. Sikuiti uje. Naomba maelezo tu.

Mdogo wako,
Vernell


Detroit
11 Machi 1962

Mdogo wangu Vernell,

Barua yako nimeisomea mlangoni, koti bado mwilini. Pole kwa kuuguza. Sisi hatujambo. Clyde yuko kiwanda cha magari, mimi nashona viti vya magari hayo hayo, na mabega ndiyo yanayolalamika.

Sikiliza basi. Vikombe viwili vya unga wa ngano laini, kijiko kidogo cha chumvi, vitatu vya baking pauda, na magadi kidogo. Mafuta ya nguruwe yawe yameganda. Yavunjevunje ndani ya unga kwa ncha za vidole mpaka yawe kama punje za mbaazi. Mimina maziwa mgando ya baridi, kanda, sukuma unene wa kidole gumba, kata kwa mdomo wa glasi. Glasi usiizungushe, ishushe wima, iinue wima. Jiko liwe kali. Mikono ikiwa na joto mafuta yanayeyuka na tabaka zinakufa, kwa hiyo itie kwanza kwenye maji ya kisima.

Hayo ndiyo ninayoyakumbuka. Usimwambie yametoka kwangu.

Dada yako,
Odessa


Kaunti ya Hale
19 Machi 1962

Odessa,

Habari za huko? Za hapa ni zile zile.

Nimefuata neno kwa neno. Badala ya kupanda zilitambaa pembeni, na chini zikaungua. Alikula nusu ya moja, akasema mkono si wenyewe.

Unaniambia nitie mikono kwenye maji baridi. Mikono yangu ina joto la pasi. Napiga pasi nguo za Wazungu wa mjini toka Jumatatu mpaka Ijumaa, kisha narudi kumgeuza mwanamume mzima kitandani asiote vidonda, naye ananilaumu kwamba nina haraka. Jumapili nilisinzia kanisani nimesimama, katikati ya wimbo.

Na barua yako ina unga, ina chumvi, ina mdomo wa glasi. Miaka kumi na tatu haimo. Siku ile nilirudi shule nikakuta kitanda chako kimetandikwa. Baba akasema, "Sasa wewe ndiye mwanamke wa nyumba hii." Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Vernell


Detroit
8 Aprili 1962

Mdogo wangu,

Sitakuuliza hali, umeshaniambia. Nimechelewa kwa sababu nilichana barua mbili. Hii ni ya tatu.

Maneno hayo hayo Baba aliniambia mimi, mbele ya jeneza la Mama, nina miaka kumi na saba. Nilipika na kufua miaka sita. Clyde alipokuja kuposa, Baba alimwambia mpiga gitaa wa vilabuni haoi kwa shemasi. Mimi akaniambia nikivuka kizingiti nisirudi mpaka siku ya kumzika. Nilichagua saa uliyokuwa shuleni, makusudi. Ningekuona, nisingeondoka. Kuondoka sikujuti, Vernell, siwezi kukudanganya. Kukuachia wewe mzigo ule ndiko ninakokujutia, na aibu yake ndiyo iliyonifunga mkono nisiandike. Sina neno zuri kuliko hilo.

Kuna jingine. Toka nilipotoka huko sijaoka biskuti hata moja. Tunakula mkate wa dukani. Nilikuandikia kwa kumbukumbu, nayo ikanidanganya. Jumamosi nikajaribu, zikatoka kama zako. Clyde alizitafuna kwa adabu. Nikarudia Jumapili, na safari hii nikaiacha mikono ifanye inavyojua. Donge halikandwi! Linakunjwa. Likandamize, likunje kama barua, ligeuze. Mara tatu, basi. Kukanda ndiko kunakoliua. Na kwenye kikaango cha kuokea usizitenge. Zibananishe, zigusane mabega. Zikikosa pa kutambaa, zinapanda.

Nisamehe kwa yote mawili.

Dada yako,
Odessa


Kaunti ya Hale
6 Mei 1962

Dada yangu,

Salamu, na shemeji msalimie.

Zimepanda. Nilipofungua mlango wa oveni nilikaa chini sakafuni nikazitazama. Baba alikula tatu. Alifunua tabaka kwa mkono wa kushoto, taratibu, asali ikamtiririka kidevuni, nikamwacha. Kisha akatazama mlangoni, akaniuliza, "Odessa amerudi lini?"

Dada, nilikuwa na furaha na nilikuwa nimechoka. Nikasema, "Jana. Yuko bustanini anachuma mboga."

Akasema uje umsalimie, usijifiche.

Hii ni wiki ya pili. Kila asubuhi nakutafutia mahali: uko kisimani, uko kanisani, umekwenda kwa Shangazi Ruthie. Leo alisema mwanawe bado ana hasira naye, akaiacha biskuti sahanini. Sina tena pa kukuweka.

Nilisema sikuiti. Sasa nakuita.

Mdogo wako,
Vernell


Detroit
14 Mei 1962

Mdogo wangu,

Naja. Nitashuka kwenye basi Jumamosi, tarehe ishirini na sita. Msimamizi amenipa wiki moja, tena kwa kununa. Baba usimwambie kitu, niache niingie mwenyewe. Nina miaka thelathini na sita, na najiona kama mtoto aliyeitwa mbele na mwalimu.

Dada yako,
Odessa


Kaunti ya Hale
17 Juni 1962

Kwa Vernell, huko Detroit,

U hali gani? Clyde ameniandikia kwamba ulifika salama, na kwamba ulilala siku mbili mfululizo mpaka jirani yetu Bi Eulalie aliyekukaribisha chumbani kwake akainama kusikiliza kama unapumua. Vizuri. Pale kituoni nilikupita bila kukujua. Nilidhani ni mwanamke mkubwa kuliko mimi. Ndiyo maana nilikusukumia tiketi yangu ya kurudi, na wewe ukabishana mpaka mlangoni mwa basi. Kazi yangu kiwandani wamempa mwingine. Usijilaumu, nilijua.

Uliona mwenyewe alivyogeukia ukuta nilipoingia. Ulipoondoka aliendelea hivyo siku nne. Haongei, analishwa kama sanamu. Siku ya tano nikamwekea biskuti. Zilipanda vidole vitatu, hata Mama angezisifu. Akafunua, akaonja, akaweka chini.

"Si zenyewe," akasema. "Vernell yuko wapi?"

Nilitoka uani nikacheka, kisha kicheko kikageuka.

Uliniahidi kurudi baada ya wiki mbili, nazo zimepita. Sikusukumi. Nakuambia tu kwamba anakuuliza asubuhi, mchana na jioni.

Dada yako,
Odessa


Detroit
26 Juni 1962

Dada Odessa,

Shikamoo. Mimi sijambo, na mara hii ni kweli.

Barua yako ilipofika nilifunga sanduku nikaenda kituo cha basi. Nilikaa kwenye benchi. Basi likaja, likajaa, likaondoka, na mimi bado nimekaa. Mwanamke aliyekuwa kando yangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, miguu imekataa.

Nina miaka ishirini na minne. Jumatatu shemeji alikuwa anakaanga mayai, akaniuliza nayataka laini au magumu, nikashindwa kumjibu. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Kanisani kwenu kuna darasa la kupiga taipu linaloanza Septemba. Nimeandikisha jina.

Kwa hiyo sirudi, Dada. Sisemi kamwe. Nasema si sasa, wala si mwezi ujao. Najua ninachokufanyia, kwa sababu nilifanyiwa. Tofauti ni kwamba nakuandikia. Ukikasirika ni haki yako. Bado sirudi.

Mpe Baba shikamoo yangu, ukiona inafaa.

Mdogo wako,
Vernell


Kaunti ya Hale
8 Julai 1962

Vernell mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwenye joto hili. Nakuandikia nimelala chali, maana mgongo umegoma.

Nilikasirika siku mbili. Nilipiga pasi kwa hasira mpaka nikaunguza shuka la watu. Ya tatu nikaketi mbele ya Baba, nikamwambia kwamba hauko kisimani wala bustanini, uko Detroit, nimekupeleka mimi, na hurudi sasa.

Aliiacha kahawa yake ikapoa. Kisha akaniuliza kama uliaga. Nikamwambia uliaga, ulimbusu kwenye paji la uso akiwa amesinzia.

"Wewe hukuniaga," akasema.

"Ungenizuia, Baba."

Akafikiri. "Ningekuzuia," akasema. "Ndiyo."

Halafu akavuta sahani kwa ule mkono mzima, akala biskuti mbili. Hakuzisifu, hakuzitukana. Sidhani amenisamehe, na mimi pia naona bado nina safari.

Clyde atakuja Agosti, tuone tutakavyopanga. Wewe kaa. Jifunze hiyo taipu.

Ndevu zake zilikuwa zimemjaa uso mzima, maana hakutaka nimguse uso toka nilipokuja. Leo asubuhi nilikuwa bado napiga povu sabuni ya kumnyolea, nimempa mgongo. Nilipogeuka, alikuwa ameshanyanyua kidevu.

Dada yako,
Odessa