Uso Wangu Kwenye Kitambaa cha Pasaka

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako upesi, maana padri anakuja Jumamosi na mimi peke yangu ndiye ninayejua kitu ambacho nyumba nzima haikijui. Mimi ni mtumishi wa chumbani kwa Bibi mmoja hapa Paris, mwaka wa nane sasa, na tangu Januari Bibi anachorwa picha ya rangi na Bwana Thévard, na wewe unajua mambo yalivyo, bibi mkubwa huketi mara mbili kwa ajili ya uso basi kachoka, kwa gauni na mikono huketi mtumishi wake badala yake, kwa hiyo nikavishwa hariri yake ya kijani nikaketi asubuhi tatu, mkono mmoja juu ya mwingine, Bwana Thévard akinichora kwa chaki nyeusi na nyeupe kwenye karatasi ya buluu, apate cha kutazama atakapopaka rangi.

Siku ya tatu akaniambia, "Usigeuke, binti, tulia hivyo hivyo," na alipomaliza nikapita nyuma yake kuchukua viatu vyangu, nikaona. Mshauri, juu ya ile mikono alikuwa amechora uso, hakuagizwa na mtu, na uso ulikuwa wangu. Kioo cha Bibi nakifuta kila siku na humo najiona, lakini najiona mtu anayefuta kioo. Pale nilikuwa nimetulia, nina macho, nawaza jambo langu. Mistari haifiki hata hamsini, na nilikuwa mzima! Nikamuuliza, "Huyu ni mimi?" Akacheka, "Kwani ulidhani nani, malkia?"

Alipokwenda kunawa mikono nikaichukua. Sijawahi kuiba hata sukari. Nikakimbilia chumba cha vitambaa, nikaichomeka kati ya vitambaa vya meza ndani ya kibanio cha mbao cha kunyooshea vitambaa, kile cha kukaza kwa parafujo, nikijua havitaguswa mpaka Pasaka, na nilichosahau ni kwamba vitambaa hivyo nilivinyunyizia maji mwenyewe asubuhi ile ile, na mtumishi wa mezani akapita akakaza parafujo mpaka mwisho kama kawaida yake. Kesho yake nikaichomoa nikaihamishia chini ya godoro langu, nikaona imepauka, nikalia, wala sikutazama vitambaa.

Jana, Jumatano ya Juma Kuu, mpishi wetu Gillette akafungua kibanio kabla yangu. Nikasikia kelele. Kwenye kitambaa kikubwa cheupe kulikuwa na uso, hafifu kama pumzi kwenye kioo, na chini yake mikono miwili. "Yesu na Maria! Ni mtakatifu!" Gillette analia. "Sijui yupi, lakini ni mtakatifu! Tazameni mikono inavyosali! Hata kidole wamempinda, maskini, walimtesa!" Kidole ni changu, kilibanwa na mlango nikiwa mdogo, na wala hakikuwa kikisali.

Bibi akashuka na nywele zake kichwani vile vile alivyoamka. Akaniambia, "Wewe, shika pembe hiyo, kinyooshe," nikashika, naye akapiga magoti. Mshauri, Bibi wangu alipiga magoti mbele ya uso wangu, akalia kwa sauti, akaomba mwanawe apone kifua, maana mtoto anakohoa tangu Krismasi. Kisha akainua macho akanitazama mimi niliyeshika pembe, akatazama tena kitambaa, na hakuona kitu.

Sasa padri ameitwa, na Bwana Thévard anasema bila karatasi yake mikono haimaliziki na kazi ataiacha. Nikisema, nafukuzwa bila barua ya sifa na hakuna nyumba itakayonipokea. Nikinyamaza, Pasaka nitaungama nini? Na kuna lingine naona haya kuliandika: nilipokuwa nimeshika ile pembe, nilifurahi. Je, nimelaaniwa?

Mimi niliyeshika pembe

*

Wewe uliyeshika pembe,

Kabla gazeti halijatoka nimekutumia jibu hili kwa mkono. Majina nimebadilisha yote, maana wewe uliniandikia mpaka la paka, nikalifuta. Siri gani hiyo!

Acha kulia. Hujalaaniwa, na picha hujaiharibu. Wachoraji wenyewe hulowesha karatasi tupu, huibana juu ya picha ya chaki, wakapata pacha wake aliyegeuka, kushoto kuwa kulia, na chaki inayobaki kwenye ile ya kwanza hushika vizuri zaidi. Ulilolifanya kwa kutojua, wao hulifanya kwa makusudi. Nimejibu barua hapa miaka kumi na minne, za wake walioachwa na za waume wenye wivu, na yako ndiyo ya kwanza kunisimamisha nywele. Niliisoma mara tatu. Ningetoa chochote kukiona kitambaa hicho.

Lakini umeiba, mama, na kufurahi kwako si dhambi hata kidogo, dhambi ni kusimama kimya kama kinara huku mama wa watu akiiomba chaki uzima wa mwanawe. Huoni haya? Mwenye mgonjwa hachezewi. Padri akishakibariki, uongo huo utawashiwa mishumaa, na hapo utauzima vipi?

Toa karatasi chini ya godoro leo hii. Mpelekee Bwana Thévard, mwambie, "Niliichukua kwa sababu ni mimi." Atafoka, mwache afoke, uso aliuchora yeye bila kuagizwa, naye ana lake la kueleza. Nenda naye kwa Bibi, aloweshe karatasi tupu, aibane juu ya picha, Bibi aone kwa macho yake. Kisha useme wewe, kwa mdomo wako, usijifiche nyuma ya mwanamume. Mwambie pia amwite tabibu wa mtoto kabla ya padri. Akikufukuza, njoo kwangu, barua ya sifa nitaiandika mimi.

Kitambaa utakifua mwenyewe, maji baridi kwanza. Ila kabla hujakitia majini, mwombe Bibi akushikie pembe. Akikubali, simama mbele ya uso wako muda wa Baba Yetu moja, usisali, tazama tu, na umwache naye atazame, huku na huku, mpaka aone. Kisha tia sabuni.