Nyuzi za Manjano kwenye Fensi ya Halima

Jumanne, Kakuma

Fensi nzima! Mimi nilidhani atapunguza matawi mawili tu.

Nilikuwa naogopa kumwambia jirani yangu Halima. Zile nyuzi za manjano zilizotambaa juu ya fensi yake ya miti alizipenda kama mapambo ya harusi, akawa anazikata vipande na kuvitandaza ili zienee. Jana nikaona uzi mmoja umevuka, umejisokota kwenye kunde zangu. Na mboga yetu ni hiyo tu. Nikamwomba Mungu maneno ya upole.

Leo nikamwita. "Halima, hebu nionyeshe mzizi wake."

Akaufuata uzi kwa vidole mpaka chini. Hakuna mzizi, hakuna jani. Umeng'ang'ania shina la mti, umelitoboa, unanyonya.

"Wallahi, Mama Akiru! Na mimi kila jioni naumwagilia maji!"

"Unamwagilia mti. Huu unangoja mti unywe, nao unywe."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaziangalia kunde zangu, akaingia ndani kuchukua panga, akaikata fensi yote. Tukachoma kila kipande kabla nyuzi hazijatoa mbegu. Kunde zilizoguswa nikazing'oa.

Nikamletea matawi ya miiba, tukamzungushia boma kama letu Waturkana, mbuzi wasiingie.

"Sasa mimi Mturkana," akasema.

Bado nina wasiwasi, huenda kipande kimejificha mahali. Lakini ile fensi ilikuwa fahari yake, naye ameikata kwa ajili ya mboga yangu. Ee Mungu, najivunia jirani huyu. Kunde za kwanza ni za sufuria yake.