Mama Mkwe Kaandikwa Asilimia Mia Mbili

Shangazi mshauri, shikamoo. Nisaidie kabla ya Ijumaa, maana nyumbani sina pa kuweka uso. Mimi ni mtunza takwimu wa kiwanda cha kushona sare, na kila mwisho wa mwezi naiagiza hifadhidata ichukue nguo zilizorudishwa kwa ubovu, igawanye kwa nguo alizoshona kila fundi, itoe asilimia, karatasi ibandikwe ukutani, sasa fundi asiposhona kitu kigawanyo kinakuwa sifuri na ripoti nzima inagoma, hata ya wenzake haitoki, basi mwanzoni nikaiambia ikikuta hivyo iandike sifuri, fundi bora wa mwezi akawa mzee mmoja aliyekuwa likizo mwezi mzima, picha yake ikatundikwa, mafundi wakanijia juu, nikaona isiwe taabu, kwenye kigawanyo cha sifuri nikaweka moja, ripoti ikatoka bila kelele nikajipongeza, kumbe mama mkwe wangu, fundi wa miaka kumi na tisa pale, mwezi ule hakushona hata kifungo, ila suruali zake mbili za mwezi wa nyuma zilirudishwa, mbili kwa moja, akabandikwa ukutani asilimia mia mbili!

Meneja akasema, "Huyu anaharibu kuliko anavyoshona, Ijumaa ahamie kupiga pasi." Mama akaniuliza mbele ya watu, "Baba, hii karatasi ni sahihi?" Nikamjibu, "Mama, kompyuta haina mkwe."

Shangazi, bado sijasema lenyewe. Mwezi ule hakushona kwa sababu alikuwa kwangu, akimwogesha mtoto wetu mchanga. Tangu siku hiyo hajakanyaga kwetu, na mke wangu ananiwekea chakula kisha anaenda kula jikoni. Nikikiri, si nitafukuzwa?

Mkwe Mwoga

Marahaba, ingawa hukustahili. Nimecheka mpaka kwenye lile jibu lako, hapo nikakasirika. Kompyuta haina mkwe, lakini wewe unaye!

Ripoti ilipogoma haikukukosea. Ilikuwa inakwambia huyu hana cha kupimwa mwezi huu, wewe ukaiziba mdomo kwa namba ya kubuni. Ukiweka sifuri unamsifu bure, ukiweka moja unamchafua bure. Iagize hivi: kigawanyo kikiwa sifuri, isigawanye, iache nafasi wazi na iendelee na wengine. Na zile suruali zihesabiwe kwenye mwezi zilimoshonwa, jamani, hilo nalo nikufundishe mimi?

Kuhusu kazi, meneja akigundua mwenyewe utafukuzwa kweli. Ukijisema utagombezwa, na kugombezwa umekutafuta.

Kesho asubuhi, kabla cherehani hazijawashwa, bandua karatasi ile mbele ya mafundi wote useme umekosea wewe. Usimtume mkeo. Bandika mpya, mbele ya jina la mama pakiwa wazi. Wakikuuliza mbona pako wazi, waambie kwa mdomo wako alikuwa wapi mwezi ule, na alikuwa akimwogesha mtoto wa nani.