Moto wa Mama Bado Unawaka

Likasi, kambi ya wachimba shaba

Yaya Zaina, dada yangu mukubwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Uko muzima? Watoto wanakula? Na kifua cha shemeji kimepoa? Mimi mwili hauna neno, roho ndiyo haitulii.

Habari za kwetu Kabambare zinanifikia kila vijana wapya wanapoletwa kazini. Ni zilezile: serikali inalimisha watu pamba, mihogo imekosa wa kuilima, njaa imeingia. Kijiji chetu kimehamishiwa barabarani, na kule kwa zamani ni majani matupu. Naumia, Yaya, nikikumbuka mimi huku napata posho.

Lakini kuna jambo. Mwezi uliopita alifika kijana mumoja wa Kasongo. Alisema yeye na wenzake walipopita kijiji chetu cha zamani waliona moshi. Mama mumoja muzee akawaita, akawapakulia ugali na sombe ya majani ya muhogo. Akakwangua ukoko wa chungu, akauweka kando: "Huu ni wa mutoto wangu wa mwisho, Ramazani. Ameshaanza njia?"

Nikamwambia, "Wewe, acha uongo!" Si wewe mwenyewe uliniandikia kwamba mulimuzika mama kabla ya kuhama? Lakini nani kule Kasongo anajua habari ya ukoko wangu, ule mama alioniwekea kila siku? Nilimwambia arudie yote tangu mwanzo.

Juzi wakafika wengine, hata hawajuani na yule. Moshi uleule, sombe ileile. Na ukoko bado uko kando.

Sasa niambie kweli. Siku ya matanga, nani alizima moto wa jikoni kwake? Kwetu kazi hiyo ni ya mutoto wa mwisho, na mutoto wa mwisho ni mimi. Naona muliningojea, halafu askari wakawahamisha, moto ukabaki. Eh, Yaya! Mumemuacha mama anapika peke yake porini.

Nimeomba ruhusa kwa kapita, musimamizi wetu wa kazi, amekubali. Nakuja kuuzima, mama apumzike. Naogopa sana. Na zaidi ya kuogopa, nina hamu naye.

Nisalimie shemeji, na shangazi yetu mukunga, na binti yako wa kwanza, mwambie namuletea kitambaa. Musitume mutu kule mbele yangu. Maji ya kuzimia moto nitachota mwenyewe.

Ila kwanza nitakula ukoko wangu.

Mudogo wako,
Ramazani