Kufuli ya Stoo

Mjukuu wangu Wambui,

Sisi huku Mweiga tuko wazima, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Umeniuliza kama ni ukatili kumfungia mwanao Kamau chakula kwa kufuli, sasa kwa kuwa daktari amesema njaa yake isiyoisha inatokana na kromosomu. Nilishusha pumzi kusikia kwamba si ulafi. Ndugu yangu Ndirangu alikuwa hivyo hivyo, na sisi tulimwita mlafi.

Mama alitia kufuli kwenye stoo ya viazi. Majirani wakasema anamnyima mtoto chakula, na kwetu hiyo ni aibu kubwa. Wakawa wanamlisha irio kwa siri, naye akanenepa mpaka kilima cha shule kikamshinda.

Siku moja Mama alisahau kufunga. Ndirangu alimfuata shambani akihema, kufuli mkononi.

"Mama, kuja ufunge. Nikijua stoo iko wazi, siwezi kucheza."

Mama aliacha jembe akaenda kufunga. Ndirangu alicheza mpaka jioni.

Basi mpe Kamau sahani yake kwa saa yake, na majirani uwaambie ukweli. Mimi hata leo nikisikia kufuli ikifungwa, namsikia Ndirangu akicheka huko nje.

Cucu wako