Hywel Amepigwa Marufuku

Cwm Derwen,
Jumapili

Mpendwa dada Nerys,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti limepoa kidogo. Sisi huku tunapumua, ingawa mvua haijakatika wiki nzima.

Nadhani habari umeshazisikia redioni. Ile mamlaka ya London inayosimamia mambo ya fedha imempiga Hywel marufuku ya maisha. Haruhusiwi tena kumshauri mtu yeyote kuhusu pesa zake. Wameandika kwamba aliwashawishi wanaume wa kiwanda cha chuma waziache pensheni zao za uhakika, akaziingiza kwenye uwekezaji uliooza, naye akala kamisheni. Ni kweli, dada. Uamuzi nimeusoma wote, na sina la kumtetea mume wangu. Kinachoniuma ni kwamba watu walianza kulalamika miaka mingi iliyopita, na wakubwa ndio kwanza wanaamka. Mfuko wa fidia nao una kikomo. Wengi hawatarudishiwa hata nusu.

Hapa mjini sina pa kupita. Olwen wa duka la nyama aliniambia mbele ya watu, "Nyama hiyo unanunua kwa pesa ya nani, Mair? Ya mume wangu?" Nikaacha kifurushi mezani, nikatoka.

Sasa nikuambie nililowaficha nyote. Hywel hana tena kumbukumbu. Daktari alithibitisha mwaka jana. Nilinyamaza kwa kuwa wakili alisema watu wataona tunaigiza ili akwepe adhabu. Kila asubuhi anafunga tai, anakaa sebuleni, ananiuliza mbona wateja wamechelewa. Nilipomsomea uamuzi ule, alisikitika sana. "Masikini, huyo bwana kawaumiza watu," akasema. "Sisi tunamfahamu?"

Alhamisi Idris wako alikuja. Najua alikuaga kwamba anakwenda kupima macho. Aliingia bila kubisha hodi, ngumi imekazwa. "Hywel, nitazame usoni! Mimi mwanyumba wako, tumeoa nyumba moja. Hata mimi?"

Hywel akainuka, akaishika ile ngumi kwa mikono miwili. "Karibu, karibu, keti. Wewe ni wa kiwandani, sivyo? Usiwe na wasiwasi, ndugu yangu. Pensheni yako nitaishughulikia mimi mwenyewe."

Idris alinigeukia. Nikamvutia kiti. Akaketi, akalia kwa sauti, na Hywel akawa anampigapiga mgongoni, akimwambia yataisha.

Sijui nifanye nini, dada. Nyumba imeshawekewa zuio na wadai, na hata ikiuzwa haitamtosha mtu. Kumgombeza Hywel ni sawa na kumgombeza mgeni.

Wabusu wajukuu kwa niaba yangu. Na Idris akikuambia foleni ya macho ilikuwa ndefu siku ile, mkubalie tu.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Mair