Wa Kushika Kamba Chini

Jumapili, mwisho wa Januari
Huku kwenye theluji

Kaka Onchiri,

Nakusalimu wewe, na Mama, na shemeji Kemunto, na yule ng'ombe wa pembe moja kama bado hajauzwa. Mimi mwili ni mzima. Mguu wa kushoto ulikuwa ukiniuma kwa sababu ya baridi, halafu ukaacha wenyewe baada ya kuona hakuna anayeusikiliza. Goti la Mama linasemaje? Na kile kikohozi chake cha asubuhi? Niambie ukweli wenyewe, usiniambie ule ukweli wa barua.

Najua utauliza kwa nini nakuandikia kwa Kiswahili kama karani wa kituo cha chai. Kwanza, wewe mwenyewe mambo mazito huyasema kwa Kiswahili, hata ukigombana na Kemunto. Halafu, nikianza kuandika kwa Ekegusii, nikifika mstari wa tatu nasikia harufu ya jikoni kwa Mama na karatasi inaharibika. Kiswahili kinanishika shati.

Kazi ni ile ile, kuosha vyombo katika jiko la chuo. Wanafunzi wa huku wanakula kama watu waliotoka kuchimba msingi, na wanachochimba ni vitabu tu. Chumba changu kiko ghorofa ya tatu. Mlango wangu unatazamana na wa mtu ambaye nimeishi naye mwaka mzima bila kujua kama ni mnene au mwembamba. Namjua kwa kupiga chafya. Zamani nikishuka ngazi asubuhi nilikuwa nikisema "bwakire buya" kwa sauti, hata kama hakuna mtu. Nimeacha. Salamu ikikosa wa kuiitikia inakurudia, na ikirudi huwa nzito kuliko ilivyotoka.

Sasa nije kwenye barua yako ya Krismasi. Nimeisoma mpaka mikunjo imetoboka. Umeeleza habari za ng'ombe, umeeleza bonasi ya chai ilivyowavunja moyo, na katikati ya hayo mawili ukachomeka mstari mmoja: kamba ya katani ilikatika ukiwa juu ya mkaratusi wa shule, ukaangukia migomba, "lakini hakuna neno". Kaka, nakufahamu. Ukisema hakuna neno, neno lipo. Halafu ukaendelea kuniambia kwamba kabla ya mvua za Machi utaupunguza ule mkaratusi mkubwa wa mpakani, unaoinamia nyumba ya Mama, na kwamba utapanda peke yako kwa sababu msaada wa watu fulani huuhitaji.

Siku hiyo sikula. Zamani tulikuwa watatu. Wewe juu na msumeno, mimi na Momanyi wa baba mdogo chini, tumeshika kamba na kukuambia tawi lipi limeoza. Mimi nikaja huku. Halafu wewe na Momanyi mkagombania mpaka, kila mmoja akidai kwamba kuni za mti ule ni zake na mizizi yake ni ya mwenzake. Mwanzoni mlikuwa mkitukanana juu ya ua, na Mama alikuwa akiniandikia matusi yenyewe, mengine mazuri sana. Siku hizi anasema mmenyamaziana kabisa. Hata kwenye mazishi ya shangazi mlikaa mkitazama pande mbili tofauti. Kwa hiyo chini ya mti hakuna mtu tena.

Nataka nikueleze nilichofanya, na itabidi kwanza nikueleze kompyuta. Pale maktaba ya chuo wafanyakazi tunaruhusiwa kuzitumia zikiwa hazina watu. Fikiria ule ubao wa matangazo pale kituo cha chai, wanapobandika ilani za mbolea. Sasa fikiria kila anayepita ana ruhusa ya kubandika karatasi yake chini ya karatasi ya mwenzake, na anayepita anaweza kuwa yuko Australia. Mbao hizo ni nyingi, kila moja na mambo yake. Nilitafuta watu wa kwetu kwanza. Niliandika Kisii, nikaandika Nyamira, nikaandika hata Keroka, maana nilidhani mji wenye kelele namna ile lazima ungekuwa umesikika. Mashine ikasema haina habari nao. Nikizunguka hivyo nikakuta ubao wa watu wanaopanda majabali. Wanapanda kwa mikono na kamba, Kaka, na juu hakuna asali wala kuni. Wakifika wanashuka. Nikasema hawa wangeelewana na kaka yangu, nikaanza kusoma.

Kazi yao kubwa ni kugombana. Kuna mzee mmoja, Walt, ambaye hataki mtu atoboe jabali na kutia misumari ya chuma ya kufungia kamba. Kuna kijana, Curtis, ambaye hutoboa. Hao wawili walitukanana kila siku ya Mungu, asubuhi na jioni, vibaya kuliko sisi wakati wa kura ya vyama vingi. Wakichoka na misumari wanaingia mambo mengine: kama mbwa apelekwe mlimani, kama Mungu yuko, maharagwe yapikwe vipi. Siku moja mtu aliandika kwamba ndizi ni chakula kizuri cha kutia mfukoni. Nikashindwa kujizuia. Nikawaandikia kwamba ndizi inayoingia mfukoni ni mchezo wa watoto, ndizi yenyewe hupikwa sufuriani na hulisha nyumba. Ugomvi huo ulichukua wiki mbili. Niliitwa mjinga na watu wa nchi nne, na sijawahi kufurahi hivyo tangu nije.

Hawajui uso wangu. Niliwaambia wazi kwamba juu kabisa nilikowahi kufika ni dari la jikoni, wakasema haidhuru. Lakini Jumamosi moja ya mwanzoni sikwenda maktaba, kwa kuwa ni Sabato, na Jumapili nilikuta karatasi ya Walt: "Yule mtu wa ndizi yuko wapi, mgonjwa?" Nilikaa mbele ya ile mashine, nikasoma mstari huo mara kadhaa kama mtu aliyepokea telegramu. Katika jengo letu naweza kunyamaza mpaka Pasaka.

Basi barua yako ilipofika nikawauliza. Niliandika kwamba kaka yangu hukata miti mirefu, amejifunga kiunoni kamba ya kufungia ng'ombe, nayo imekatika. Karatasi za kwanza zilikuwa za maana. Zilizofuata zikaanza kubishana kama kupanda mti ni kupanda kweli. Mara wengine wakarukia mkaratusi wenyewe, kwamba unakausha visima, na wakasahau kabisa kwamba wewe bado uko juu yake. Aliyewarudisha ni mama mmoja, Doreen, ambaye kazi yake ni hii yako. Ndiyo, ni mwanamke, na hupanda mwenyewe. Usimwambie Mama, atasema dunia imekwisha. Alieleza polepole. Kamba ya mti iwe ya mti, isitumiwe kwa jambo jingine. Uwe na mikanda miwili ya kujifunga kwenye shina, usifungue mmoja kabla wa pili haujashika. Msumeno uning'inie kwa kamba yake, mbali na ile inayokushika wewe. Na chini awepo mtu. Hilo la mwisho aliliandika kwa herufi kubwa.

Niliwaambia kwamba mtu wa chini yupo ila hamsemezani. Halafu likatokea la Curtis.

Alikuwa ameandika kwamba anakwenda peke yake kwenye jabali fulani, akamwachia Walt tusi la safari. Walt akamjibu. Kwa kawaida jibu la Curtis lilikuwa likija kabla hujamaliza kusoma la Walt. Safari hii halikuja. Siku iliyofuata pia halikuja. Wengine tulidhani amechoka, wengine wakashukuru. Walt akaandika mstari mmoja tu: "Hajanitukana tangu juzi, kuna jambo." Akawapigia simu walinzi wa hifadhi lilipo jabali lile, na bila kuwangoja akaingia kwenye gari lake na kwenda mwenyewe, saa nyingi za barabara. Walimkuta Curtis chini ya jabali, paja limevunjika, akila theluji ili apate maji. Walt alishika upande mmoja wa machela mpaka barabarani. Alituandikia baadaye kwamba njia nzima walibishana juu ya misumari, na kwamba alimwacha kijana ashinde kidogo, kwa sababu ya paja.

Kaka, nilipolisoma hilo niliwafikiria ninyi wawili. Mlipokuwa mkitukanana juu ya ua, kila asubuhi Momanyi alijua uko hai, nawe ulijua yu hai. Sasa ukianguka nyuma ya mti ule nani atashangaa kwamba umenyamaza? Umenyamaza mwaka mzima.

Mwezi huu Walt alikuwa akipita karibu na mji huu, akaniambia nije nijifunze kushika kamba, ili nikufundishe wewe. Ni mzee mfupi, meno yake machache, amevaa sweta lenye matobo. Nilitarajia jitu. Alinivisha mkanda wa kiunoni na mapajani, akajifunga kamba, kisha akaniambia nilikague fundo lake. Nikamwambia mimi ni mwosha sahani, nitakagua nini? Akasema, "Wewe tazama tu. Macho yangu yameshazoea kuniambia niko sawa." Nikatazama. Halafu akasimama mbele ya jabali bila kuinua mguu, ananisubiri. Kumbe kuna maneno. Anayepanda huuliza, wa chini hujibu, na bila jibu hakuna anayetoka ardhini, hata awe amepanda tangu ujana.

"Umenishika?"

"Nimekushika."

Ndipo akapanda. Baadaye tukabadilishana, mimi nikapanda kidogo tu, urefu wa nyumba yetu. Nilipouliza lile swali langu na mzee yule akajibu kutoka chini, ilibidi nijifanye natafuta mahali pa kushika, nikauficha uso wangu jabalini. Ni kitambo, Kaka. Sikumbuki mtu aliyeniambia neno hilo tangu pale stendi mliponisindikiza.

Basi haya ndiyo ninayotaka. Doreen ametoa kamba mpya ya miti, ndefu, haijawahi kumshika mtu. Wengine walitaka kutoa zao zilizozeeka, akawakemea kwamba kamba ya kustaafu haipewi mtu kama zawadi. Mkanda wa kuvaa, ile mikanda miwili na pete za chuma vimetoka kwa Walt na Curtis, ambao hata hapo waligombana ni pete gani bora, ndiyo maana utaziona za aina mbili. Mzigo unaletwa na Bosibori, yule wa Keroka aliye muuguzi huku, anakuja huko likizo mwezi ujao.

Mkanda na pete atakuletea wewe. Kamba atampelekea Momanyi.

Soma tena ukitaka, sikukosea. Mkanda bila kamba utakufaa kwa kubana suruali tu, na kamba bila mkanda Momanyi ataanikia nguo. Naye nimemwandikia barua fupi. Nimemkumbusha kwamba tawi kubwa la upande wa pili linalalia jiko la mke wake, na kwamba kamba ile ni ya kushika, asifungie ng'ombe. Sikumwambia akuletee, maana hatakuletea, wala sikuambii uende, maana utakataa. Mpaka Machi kuna muda wa kutosha wa mmoja wenu kushindwa na kiburi. Mpaka wa shamba mtawaachia wazee. Kuni gawaneni au zichomeni zote kwa hasira. Hamna haja ya kupendana, wala kuongea habari za shangazi. Nataka maneno yale mawili tu, kwa Ekegusii au Kiswahili, na usitoe mguu chini kabla hajajibu.

Mpe Mama mikono yangu miwili. Mwambie kwamba huku ugali wa wimbi haupo na ninauota. Kemunto nampongeza kwa kukuvumilia. Mwambie mzee wa kanisa kwamba Sabato naishika, na kwamba imeshabishaniwa mpaka Australia. Ukifika Kisii mjini, msalimie yule Mhindi wa duka la vyuma aliyetuuzia kamba za katani kwa miaka yote ile. Asisikie kutoka kwa watu wengine kwamba tumehama. Na Momanyi msalimie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Sijamtumia salamu kwa njia nyingine.

Najua unavyosoma sasa, unapumua kwa pua. Unasema huyu mtoto amekwenda ng'ambo kuosha sufuria na sasa anatugawia kamba vipande vipande. Sawa. Kasirika. Ila ukiteremka kutoka kwenye mti ule, kabla hujanawa mikono, chukua karatasi uniandikie unitukane. Usipunguze neno. Nitakuwa nangoja.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuwa nikishika kamba upande wa kushoto,

Mogaka